Reli ya mkonge kwenye rafu ya futi nane

Januari

Chumba ni cha futi 10 kwa 10 na ukuta ulio huru ni mmoja tu, ule wenye cherehani ya mama watoto. Tumekubaliana rafu ya modeli ya reli ninayoijenga ikae juu ya cherehani, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, isitokeze zaidi ya sentimita 45 ili isimzibie mwanga, na kazi yote ya msumeno na randa ifanyike nje. Masharti yamenifaa. Kwa kimo hicho mtazamaji haangalii modeli kwa juu kama aliye ndani ya ndege, anaiona ubavuni, kama tunavyoiona treni tukiwa kando ya reli. Hilo peke yake linaleta uhalisia kuliko mapambo mengi.

Plaiwudi inauzwa kwa karatasi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Fundi seremala ameipasua kwa urefu: kipande cha sentimita 45 ni sakafu ya modeli, cha 32 ni ukuta wa nyuma utakaochorwa anga na milima ya Usambara, na 45 zinazobaki zitatoa kingo, mihimili na vipande vya akiba. Unene ni milimita 12. Kila upande, pamoja na kingo, umepakwa vanishi kabla ya kitu kingine chochote. Hapa Tanga plaiwudi isiyopakwa hunywa unyevu masika yakiingia, ikajikunja, na reli iliyopigiliwa juu yake ikajikunja nayo.

Kwa skeli ya 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), ile iitwayo H0, ubao wangu ni eneo la mita 212 kwa 39. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ambayo kila mwenye nafasi finyu inampasa aifanye kabla ya kushika penseli. Treni ya mizigo ya mabehewa 30, kila moja mita 13, ina mita 390 kabla hujaweka kichwa cha treni. Stesheni yenye njia ya kupishania treni kama hiyo haiingii hapa hata kwa dua. Njia inayotumiwa na wengi ni kubana: treni inakuwa ya mabehewa manne, stesheni inakatwa robo, kona zinakunjwa mpaka behewa linaning'inia nje ya reli. Sitaki. Nataka kitu kidogo cha kweli kwa urefu wake wa kweli, hata kama maana yake ni kuiacha njia kuu nje ya ubao kabisa.

Na ndivyo itakavyokuwa. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Moshi 1911, haitaonekana kwenye modeli hii. Itakayoonekana ni njia ya kando inayoingia kwenye kiwanda cha mkonge mahali fulani kati ya Muheza na Korogwe, mwaka 1964. Nimeuchagua mwaka huo kwa sababu ndio nchi ilipotoa karibu tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Reli nayo bado ilikuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilichoiunganisha na Reli ya Kati kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma. Kiwanda changu hakina jina la shamba lolote la kweli. Kimekusanya mambo ambayo karibu viwanda vyote vya mkonge vilikuwa nayo.

Februari

Mwezi huu sijagusa mbao. Ni kalamu na karatasi tu, na nimefurahia kuliko nilivyotarajia.

Swali lilikuwa dogo: njia ya kando iwe na nafasi ya mabehewa mangapi? Jibu nimelitafuta kwenye mkonge wenyewe. Nimechukua shamba linalotoa tani 1,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Robota moja, mzigo wa singa ulioshindiliwa, lina kilo 250, kwa hiyo ni marobota 4,000. Behewa la bogi likipakiwa tani 25 linachukua marobota 100. Gawanya: mabehewa 40 kwa mwaka mzima. Hata behewa moja kwa wiki halifiki. Ongeza behewa la dizeli, la unga na maharage ya manamba, la vipuri vya mashine, na bado njia mbili fupi zinatosha na kubaki.

Kisha nikarudi upande wa pili wa korona (mashine inayokwangua jani na kuacha singa), yanakoingilia majani. Jani la mkonge ni maji na nyama. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Tani 1,000 za singa zinataka tani 25,000 za majani. Kwa siku 300 za kazi ni tani 83 kila siku. Kwenye mashamba haya majani yalisafirishwa kwa vireli vyenye milimita 600 kati ya reli na reli, toroli zikivutwa na vichwa vidogo. Nikikadiria tani moja na nusu kwa toroli, ni toroli 55 zinazoingia kiwandani zimejaa na 55 zinazorudi tupu, kila siku. Robota moja linakula zaidi ya toroli nne. Behewa moja likiondoka na marobota yake 100, nyuma yake kuna toroli zaidi ya 400.

Hesabu hii imeigeuza ramani yote. Mwanzoni nilifikiri mhusika mkuu ni treni kubwa ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita, na vireli vya shambani ni pambo la pembeni. Sasa naona wazi kwamba kwenye kiwanda cha mkonge reli kubwa imelala siku nyingi za wiki, na reli ndogo haipumziki. Nafasi igawanywe hivyo hivyo: nusu nzima ya ubao, ile bora, iende kwa toroli. Anayetaka uhalisia katika nafasi finyu aanze kwa kuuliza reli ile ilikuwa inafanya kazi gani, mara ngapi, kwa uzito gani. Ramani inajichora yenyewe baada ya hapo.

Machi

Nimekwenda kumwona mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye korona tangu ujana wake. Nilimkuta barazani, nikamtandikia ramani mkekani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ndiyo korona?"

"Ndiyo, babu. Majani yanaingia kutoka kushoto."

Akaweka kidole kwenye mlango wa kiwanda. "Hapa pasikose toroli tupu hata saa moja. Kichwa kikifika na majani kinaziacha, kinashika tupu, kinarudi. Kikikaa kungoja, wakataji huko shambani nao wamekaa. Na jani halingoji mtu. Likikauka, korona hailikwangui vizuri, singa inatoka chafu."

Ameniongezea mengi ambayo sikuyapata kwenye picha. Korona inataka maji mengi, kwa hiyo kiwanda hukaa penye mteremko: majani yaingie juu, makapi yasukumwe na maji kwenye mfereji wa saruji hadi bondeni. Majani hufungwa mzigo wa majani 30, na kwenye toroli mizigo hulala kukingama reli, kati ya nguzo za chuma za ncha mbili. Singa ikitoka korona ni mbichi, nyeupe yenye ukijani, nayo huanikwa kwenye nyaya uwanjani mpaka ikauke, ndipo iende kwenye mashine ya brashi, ichambuliwe madaraja, ishindiliwe robota. Akanionyesha kwa mikono miwili jinsi ya kuutupa mkono wa singa juu ya waya usijikunje katikati.

Habari ya mteremko nimeichukua mara moja. Upande wa kushoto utainuliwa sentimita 3, ambazo ni mita 2.6 za kweli. Reli kubwa na reli ndogo hazikutani popote, kwa hiyo hakuna mlima wa kupanda, na toroli zitaonekana vizuri juu ya kila kilicho mbele yake.

Aprili

Geji. Nimeandika hesabu hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayomkwamisha mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kuunda reli zetu: karibu kila kinachouzwa kimetengenezwa kwa reli za Ulaya na Marekani za milimita 1,435.

Reli ya mita moja kwa 1:87 ni milimita 11.5. Reli ya modeli ya milimita 12, iitwayo H0m, inauzwa tayari; Peco wa Uingereza na Tillig wa Ujerumani wote wanaitengeneza, kwa kuwa Uswisi ina reli nyingi za mita moja. Tofauti ya nusu milimita jicho halioni. Uzuri mwingine ni kwamba skeli ya TT, 1:120, nayo inatumia reli ya milimita 12 kwa treni za kawaida, kwa hiyo mota na magurudumu ya TT yanaweza kukaa chini ya bodi ya 1:87 utakayoiunda mwenyewe. Vichwa vya mvuke vya klasi za 29, 30 na 31, vile vilivyopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, huvikuti dukani. Ukikitaka kimoja unajenga. Mfano wa kuupiga picha upo: namba 3020, "Nyaturu", imehifadhiwa Makumbusho ya Reli Nairobi.

Reli ya milimita 600 kwa 1:87 ni milimita 6.9. Reli ya milimita 9 ingekuwa rahisi kuipata, lakini kwa skeli hii ni sawa na milimita 783, na toroli ya mkonge juu yake inaonekana mnene kupita kiasi. Ya milimita 6.5 inakuwa milimita 565, na hiyo ndiyo sahihi. Busch wa Ujerumani ana vichwa vidogo vya mashambani na toroli zake kwa kipimo hicho hicho, chini ya jina H0f, na ameweka utepe wa chuma katikati ya reli unaovutwa na sumaku iliyo ndani ya kichwa, ili kitu chepesi kiasi kile kishike reli na kupokea umeme vizuri. Ndugu yangu aliyeko Hamburg ataniletea viwili.

Niliipima pia skeli ya N, 1:160. Inashawishi sana: ubao ule ule unakuwa mita 390, urefu kamili wa ile treni ya mabehewa 30. Lakini jani la mkonge la mita 1.2 kwa 1:160 ni milimita 7.5, na toroli ya mita 2 ni milimita 12.5. Kwa 1:87 jani ni milimita 14 na toroli ni 23. Kwa kuwa nimeshaamua mhusika mkuu ni toroli, skeli ichaguliwe kwa kumtazama huyo. 1:87 imebaki.

Mei

Ramani ya mwisho. Inasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mfuatano wa kazi yenyewe: shamba, korona, uwanja wa kuanika, banda la brashi, ghala, behewa.

Sentimita 120 za kushoto ni za vireli vya milimita 6.5. Nimeweka mzunguko mmoja wenye kona za nusu kipenyo milimita 195. Kipenyo chake ni sentimita 39, kwa hiyo katika kina cha 45 zinabaki 3 kila upande. Sehemu ya mbele inaonekana, ya nyuma imefichwa na jengo la korona na ukuta wa miti. Huko nyuma kuna njia mbili za kupishana. Treni ya kwanza imejaa majani daima, nayo huenda upande mmoja tu: inatokea shambani, inapita mbele, inaingia mlango wa korona. Treni ya pili ni tupu daima na huenda upande wa pili: inatoka korona, inapotelea shambani. Moja ikiwa mbele, nyingine imesimama nyuma. Mtazamaji anaona majani yakiingia na toroli tupu zikitoka, alivyosema babu, na hakuna mkono unaopakia wala kupakua chochote. Kila treni ina kichwa na toroli sita, jumla kama sentimita 21. Toroli 55 kwa siku ni treni tisa au kumi kwenda na idadi ileile kurudi, kazi inayotosha kumshughulisha mtu jioni nzima.

Upande wa kulia ni wa geji ya mita, na una pointi moja tu, pale njia moja inapogawanyika mbili: ya ghalani na ya pili. Ubao unaisha kwenye sentimita 244, lakini ukuta unaendelea sentimita 61 zaidi. Hapo itaning'inizwa kaseti ya sentimita 60, kipande cha mbao chenye pembe mbili za aluminiamu zilizoachana ili magurudumu ya milimita 12 yapite, kinachotolewa kazi ikiisha. Kaseti ndiyo "njia kuu". Treni ndefu imesimama huko isikoonekana. Kichwa kimekata behewa moja na kinakuja nalo kiwandani.

Urefu wa kaseti ndio uliobeba fumbo lote la shanti, yaani kupangua na kupanga mabehewa. Kichwa nimekipa sentimita 25, kila behewa 15. Behewa tupu linafika likisukumwa, na ghalani kuna behewa lililojaa linalongoja kuondoka. Kichwa kinaliacha tupu njia ya pili, kinakwenda ghalani kulichukua lililojaa, kinarudi nalo kwenye kaseti, kinasukuma tena njia ya pili na kulishika tupu, kinavuta yote mawili nje ya pointi. Hapo kaseti inabeba 25 na 15 na 15, yaani 55. Inatosha, ikibaki nafasi ya vishikio. Kisha tupu linasukumwa ghalani, linaachwa, na lililojaa linaondoka. Lau kaseti ingekuwa sentimita 50, kazi hiyo isingewezekana kwa pointi moja.

Anayeifahamu Inglenook, ramani ya mchezo wa shanti ya Mwingereza Alan Wright, ataitambua asili ya wazo hili. Yeye alitumia njia tatu zenye nafasi ya mabehewa matano, matatu na matatu, na njia ya kuvutia inayochukua kichwa na mabehewa matatu. Ukitakiwa kupanga matano kati ya manane kwa mfuatano uliochaguliwa kwa bahati, mifuatano iwezekanayo ni 6,720. Ni mchezo mzuri sana, na kwa mtu mwenye rafu moja sijui ramani bora ya kuanzia. Mimi nimechukua kanuni yake ya kupima njia ya kuvutia kwa makini, nikaacha idadi, kwa kuwa kiwanda changu kinatoa behewa pungufu ya moja kwa wiki na sitaki kukijaza mabehewa kisiyo na kazi nayo.

Juni

Bati. Migongo ya bati la kawaida imeachana milimita 76, ambazo kwa 1:87 ni milimita 0.87. Boliti ya M5 ina nyuzi zilizoachana milimita 0.8. Nilinunua chuma kirefu chenye nyuzi za M5, nikatandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni juu ya kipande cha mpira wa ndala, nikakiviringisha juu yake kwa kukandamiza sawasawa. Inatoka bati. Unakata vipande vya milimita 28 kwa upana wa milimita 9, unavipachika kimoja kimoja kwenye paa la kadibodi kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikilalia mwenzake kidogo. Ghala la mita 30 kwa 9 ni sentimita 34.5 kwa 10 kwenye ubao, na paa lake linataka vipande vingi. Hakuna njia ya mkato inayotoa mwonekano ule. Kutu napaka kwa ncha ya brashi, kidogo, kwenye maungio na pale misumari inapokaa, kwa sababu ndipo bati la pwani linapoanza kuliwa.

Singa nimeijaribu ya kweli kwanza, maana hapa Tanga haina shida kuipata. Uzi mmoja wa singa una unene wa kama robo ya milimita, na ukiuzidisha kwa 87 unapata sentimita 2. Juu ya waya wa modeli unaonekana fimbo. Mama watoto ndiye aliyetoa jibu: uzi mwembamba wa cherehani wa rangi ya maziwa, ukifumuliwa nyuzi zake, ukachanwa kwa sindano, ukalowanishwa kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na kukunjwa juu ya waya. Ananifumulia yeye, vidole vyake vina subira na uzi kuliko vyangu. Nyaya zimekaa milimita 12 kutoka ardhini, mita moja na kitu kwa kipimo cha kweli. Mstari ulio karibu na korona tumeupaka kijani hafifu, singa mbichi, na kadiri unavyoelekea banda la brashi rangi inageuka malai.

Julai

Udongo ni wa Muheza wenyewe, mwekundu. Nimeukaanga kwenye kikaango kikuukuu kuua wadudu, nikauchekecha kwa chujio la chai, kisha nikapitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Sumaku isirukwe: udongo wetu una chembe za chuma, na chembe hizo zikiingia kwenye mota yenye sumaku zinaisaga. Nimeupaka kwa gundi nyeupe, maji na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Vireli vya milimita 6.5 nimevifukia mpaka mataruma yasionekane, sehemu ya juu ya reli tu ndiyo inayong'aa.

Mkonge wenyewe ndio kazi inayoendelea sasa. Ukipandwa mistari pacha, mita moja kati ya pacha, mita 4 za njia, na sentimita 80 kati ya mche na mche, kwenye modeli inakuwa milimita 11, 46 na 9. Kipande changu cha shamba cha sentimita 60 kwa 15 kinaingia mistari pacha kumi, kama miche 320, na kila mche majani kama 20 ya karatasi nene iliyopakwa kijani cha kijivu pande zote mbili. Njia za mita 4 nimezielekeza kwa mtazamaji, jicho lipenye katikati ya mistari hadi nyuma. Miche inayopakana na reli imekatwa majani ya chini, shina limebaki wazi, kwa kuwa huko ndiko wakataji wameshapita. Milingoti ya maua itakuwa michache tu, kwenye kona ya shamba la zamani, sentimita 6 au 7 kwenda juu. Mkonge ukishatoa mlingoti umefika mwisho wa maisha yake, na shamba linalotunzwa halijai milingoti.

Kaseti imekamilika na pointi imelazwa. Nimeipitisha shanti nzima kwa vipande vya kadibodi vyenye urefu wa kichwa na mabehewa, vikiwa na vishikio vya waya kati yao, na zile sentimita 55 zimekuwa 57. Kizuizi cha mwisho wa kaseti nimekihamisha nje kabisa, kwenye ncha ya mbao. Kinachofuata ni jukwaa la kupakilia la ghala, ambalo nataka lilingane na sakafu ya behewa kabla sijalibandika.